Polishi Njema, Hewa Njema: Shelaki na Kinachoizimua

Kila mwezi mtukufu wa Ramadhani unapokaribia, na kila nyumba inapojiandaa kwa arusi, mitaa yetu hujaa harufu ya mbao. Vitanda hutolewa uani, makasha hufutwa vumbi, viti vya barazani hupigwa msasa, na fundi huitwa aurudishe mng'ao wa zamani. Mama mwenye nyumba huuliza bei, huuliza siku, na pengine huuliza rangi. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: fundi ataizimua polishi yake kwa kitu gani?

Wiki hii tumeona tulizungumze swali hilo. Laonekana dogo, tena la mafundi, lakini jawabu lake lawahusu wote wanaolala katika nyumba ile, na hasa watoto na kina mama wajawazito.

Shelaki ni nini

Polishi nyingi za kale, zile zilizozipa samani za wazee wetu rangi ya asali na mng'ao mtulivu, ni shelaki. Huu ni utomvu wa mdudu mdogo ambaye wataalamu humwita Kerria lacca, na makazi yake ni matawi ya miti ya India na Thailand. Mdudu jike hufyonza maji ya mti, kisha hujijengea ganda la utomvu la kujihifadhi yeye na mayai yake. Wanavijiji huyakwangua maganda hayo, huyasafisha, huyayeyusha kwa moto, na kuyavuta mpaka yawe kama karatasi nyembamba. Karatasi hiyo ikivunjwa, hupatikana vile vigamba ambavyo mafundi hununua kwa uzani.

Lugha yetu yenyewe ina kumbukumbu ya bidhaa hii. Neno lakiri, ile nta nyekundu ya kupigia muhuri barua na vifurushi, tumelipokea kutoka kwa Wareno, nao wamelitoa katika jina la utomvu huu huu. Lakiri iliyo bora ilikuwa ikitengenezwa kwa shelaki.

Ikishakauka, shelaki haina madhara. Watengenezaji wa dawa huvika vidonge kwa shelaki, na wa peremende huing'arishia bidhaa zao; katika orodha za viungo huandikwa kwa alama ya E904. Kwa hivyo ni polishi inayofaa kwa kitanda cha mtoto mchanga, kwa marufaa ya kuwekea Msahafu, na kwa ndani ya kasha la nguo. Kasha lililopakwa mafuta kwa ndani huweza kushika harufu ya uvundo likifungwa kwa muda mrefu. Shelaki haifanyi hivyo, bali huzifungia harufu za zamani zilizokwisha kuingia katika mbao.

Basi ikiwa shelaki kavu ni salama, hatari iko wapi? Iko katika kile kilichoiyeyusha.

Kiyeyushi huenda wapi

Vigamba vya shelaki havipakiki vikiwa vikavu. Sharti viyeyushwe viwe maji, na polishi ikiwa nzito sharti izimuliwe, yaani ipunguzwe uzito ili itandazike. Hapa shelaki ina tabia yake. Haiyeyuki kwa maji matupu. Haiyeyuki kwa mafuta taa, wala petroli, wala tapentaini, ijapokuwa tapentaini yafaa sana kwa vanishi za mafuta. Fundi aliyezoea vanishi, akaimimina tapentaini katika shelaki, atapata madonge yasiyofaa kitu. Kiyeyushi chake ni alkoholi, ambayo mafundi wetu huiita spiriti.

Sasa tuzingatie jambo moja. Spiriti haibaki katika mbao. Huja ikaifanya shelaki kuwa maji, kisha ikaruka na kuondoka, na shelaki ikabaki peke yake. Fundi akitumia nusu lita ya spiriti kupaka kitanda na kabati, basi ile nusu lita nzima imeingia katika hewa ya mahali alipofanyia kazi. Ikiwa alifanyia kazi chumbani, imeingia chumbani, na waliomo chumbani wameivuta. Ndiyo maana twasema kwamba anayechagua kiyeyushi huwa amewachagulia watu wa nyumba hewa watakayoivuta.

Alkoholi tatu, hukumu tatu

Jina la alkoholi hukusanya vitu vingi. Vinavyomhusu fundi wa shelaki ni vitatu: ethanoli, methanoli na isopropili. Vyote vitatu ni maji meupe kama ya mtungini, vyote vina harufu kali, na vyote huyeyusha shelaki. Kwa macho na kwa pua, mtu wa kawaida hawezi kuvitofautisha.

Ethanoli ndiyo kiyeyushi bora. Huiyeyusha shelaki vizuri, huchemka kwenye nyuzi 78, kwa hivyo hukauka kwa mwendo wa wastani unaompa mpakaji nafasi ya kusawazisha kazi yake. Mvuke wake waweza kuumiza kichwa na kuwasha macho mahali palipofungwa, ila madhara yake kwa mwili ni madogo kuliko ya mwenziwe.

Methanoli ndiyo ya kuogopwa. Huchemka kwenye nyuzi 65, hivyo hukauka upesi, na mara nyingi bei yake ni nafuu. Hizo ndizo sababu za baadhi ya mafundi kuipenda. Lakini ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa fomaldehaidi, kisha kuwa asidi ya fomiki, ambayo ni asidi ile ile iliyomo katika sumu ya sisimizi. Asidi hii huushambulia mshipa unaounganisha jicho na ubongo. Mtu aweza kupofuka, na aweza kufa. Mililita 30, ambazo ni vijiko viwili vya chakula, zatosha kumuua mtu mzima. Mtoto hahitaji kiasi hicho.

Kenya imeyaona madhara yake. Mwezi wa Mei mwaka 2014, makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Embu ikiwa mojawapo, walifariki baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na wengine wakapoteza macho yao. Pengine msomaji atasema: hayo ni ya walevi, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa kuwa methanoli haingii kwa kinywa peke yake. Huingia kwa pumzi, na huingia kwa ngozi ya mkono usiovaa glavu. Sheria za kazi za Marekani huruhusu katika hewa ya karakana sehemu 1,000 za ethanoli kwa kila milioni, lakini methanoli wameizuia kwenye 200. Anayeivuta kidogo siku moja huenda asione kitu. Fundi anayeivuta kila siku, na mtoto anayelala katika chumba kilichopakwa jioni ile ile, hao ndio tunaowahofia.

Isopropili iko kati na kati. Huchemka kwenye nyuzi 82, hukauka polepole zaidi, na ikiwa ni ile ya asilimia 99 huyeyusha shelaki bila taabu kubwa. Haigeuki mwilini kuwa ile asidi ya kupofusha. Si ya kunywewa, na mvuke wake pia wataka madirisha wazi, lakini fundi aliyekosa ethanoli aweza kuitumia.

Spiriti ya zambarau na jamaa zake

Spiriti inayouzwa madukani, ile yenye rangi ya zambarau, iko fungu gani? Sehemu yake kubwa ni ethanoli. Imetiwa kiasi cha methanoli na vitu vingine kwa makusudi ili isinyweke, na rangi imewekwa ili ijulikane. Kiasi cha methanoli hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, na hapa ndipo penye haja ya kusoma lebo. Iliyofungwa kiwandani, yenye lebo inayosema ina nini na kwa kiasi gani, ikitumiwa uani penye upepo, yafaa kwa kazi hii. Kwa mbao nyeupe ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana, kwa sababu rangi yake yaweza kujitokeza.

Isiyofaa ni ile iliyopimwa kutoka pipani na kutiwa katika chupa ya maji ya kunywa au ya soda, bila jina wala alama. Mnunuzi hajui amenunua ethanoli au methanoli tupu. Zaidi ya hayo, ameingiza nyumbani sumu yenye sura ya kinywaji. Mtoto mwenye kiu haulizi.

Vipo vingine ambavyo watu huvijaribu. Spiriti ya kusafishia vidonda mara nyingi ni ya asilimia 70, na sehemu iliyobaki ni maji. Shelaki haitaki maji mengi hivyo. Ile dawa ya kutakasia mikono ina maji pia, na mara nyingi gliserini, nayo huiacha polishi ikinata. Thina ya kupulizia rangi ni mchanganyiko wa viyeyushi, mara nyingi pamoja na tolueni na asetoni. Haikukusudiwa shelaki, na mvuke wa tolueni si wa kuvutwa, sembuse na mama mwenye mimba.

Shelaki na unyevu wa pwani yetu

Wenzetu wa bara hawana shida tuliyo nayo sisi wa Lamu, Malindi na Mombasa. Hewa yetu ina unyevu, na alkoholi hupenda maji, huyavuta hata kutoka hewani. Chupa ikiachwa wazi, spiriti hudhoofika. Vile vile, kiyeyushi kinapokauka upesi mno huupoza uso wa mbao, na unyevu wa hewa ukatua juu yake kama umande. Matokeo ni ukungu mweupe kama maziwa juu ya polishi, na mara nyingi fundi hulaumiwa kwa shelaki mbaya ilhali kosa ni la maji.

Dawa yake ni hii. Spiriti iwe ya asilimia 95 au zaidi, na chupa ifungwe kila baada ya kumimina. Kazi isifanywe siku ya mvua wala usiku wenye umande. Miezi ya kaskazi ni bora kuliko masika, na saa nne za asubuhi ni bora kuliko magharibi. Ukungu ukitokea, usikwanguliwe kwa haraka. Mara nyingi hewa ikikauka hutoweka wenyewe, au huondoka kwa kupitishwa kitambaa chenye spiriti kidogo sana, kwa mkono mwepesi. Hapa twaona tena ubora wa ethanoli: kule kukauka upesi kwa methanoli, ambako wengine hukusifu, ndiko kunakouita ukungu.

Kipimo

Kwa mwenye kutaka kutengeneza mwenyewe, gramu 120 za vigamba kwa lita moja ya spiriti hutoa polishi nyepesi, nzuri kwa anayeanza na kwa mkono wa mwisho. Gramu 240 kwa lita hutoa ya kawaida. Kwa kiti kimoja au marufaa, gramu 30 katika robo lita zatosha kabisa. Vigamba vipondwe, vitiwe katika chupa ya kioo yenye kifuniko, vitikiswe kila baada ya muda, vilale usiku kucha, kisha vichujwe kwa kitambaa safi. Bati na chuma viepukwe, kwa kuwa chuma huitia shelaki weusi.

Shelaki iliyokwisha kuyeyushwa haidumu. Baada ya miezi sita hivi huanza kupoteza nguvu ya kukauka. Kabla ya kuitumia iliyolala, tone moja litiwe juu ya kipande cha kioo. Kesho yake likiwa bado lanata, polishi hiyo imekwisha. Kwa hivyo iandikwe tarehe juu ya chupa, na itengenezwe kwa kadiri ya kazi.

Kitanda cha bibi, manukato na chetezo

Wengi wetu tumerithi samani bila kujua zimepakwa nini. Jaribio ni jepesi. Pamba ichovywe katika spiriti, iguswe mahali palipofichika, kama nyuma ya mguu wa kitanda. Ikiwa uso wake walainika na kunata baada ya muda mfupi, hiyo ni shelaki. Ikiwa haikubadilika, ni vanishi au rangi nyingine, na shelaki isipakwe juu yake kabla ya kutaka shauri la fundi mjuzi.

Uzuri wa shelaki ni kwamba hutengenezeka. Mkono mpya huyeyusha kidogo ule wa zamani na kushikamana nao, hivyo kitanda cha bibi hakihitaji kukwanguliwa mpaka mbao. Kinahitaji kusafishwa, kupigwa msasa mwembamba, na kuongezewa mikono miwili au mitatu myepesi.

Lakini kile kinachoiyeyusha chupani ndicho kinachoiharibu mezani. Manukato ya kupuliza yana alkoholi. Yakimwagika juu ya meza ya kioo cha mama, huacha shimo katika polishi. Dawa ya kutakasia mikono hufanya hivyo hivyo, na sabuni za kusafishia zenye amonia pia. Mafuta mazuri yasiyo na alkoholi hayaiyeyushi, ila yafutwe upesi. Adui mwingine ni moto: birika ya kahawa na chetezo cha udi huacha duara jeupe. Mkeka mdogo au kisahani chini yake hutosha kuepusha majuto.

Suala la twahara

Wasomaji wetu bila shaka watauliza: alkoholi hii, je, si najisi? Katika madhehebu yetu ya Shafi, kileo huhesabiwa kuwa ni najisi. Juu ya alkoholi ya viwandani, isiyokusudiwa kunywewa, wanazuoni wa zama zetu wana kauli zaidi ya moja: wako wasioiingiza katika hukumu ya kileo, na wako wanaochukua tahadhari. Hatukukusudia kulimaliza suala hilo hapa, na mwenye shaka amuulize mwanazuoni wa mtaa wake. Tunalolinasihi ni la kutenda: nguo za kazi ziwe mbali na nguo za sala, mikono ioshwe, na marufaa yaachwe yakauke siku kadhaa kabla ya kuwekewa Msahafu. Ama kujiepusha na madhara na kutowadhuru wengine, hapo hapana khitilafu, na methanoli katika chumba cha watoto ni madhara yaliyo wazi.

Mwenye nyumba aulize nini

Fundi ni amana wa kazi yake, na mwenye nyumba ni amana wa watu wake. Kumuuliza fundi si kumdharau. Aulizwe kwa upole, kabla bei haijakatwa:

Waizimua kwa nini, na chupa yake iko wapi tuisome? Maandishi ya lebo kwa kawaida ni ya Kiingereza. Neno la kwanza kulitafuta ni "ethanol". Kukiwa na "methanol" pekee, au hapana maandishi yoyote, kazi isianze. Tofauti ya majina hayo ni herufi moja tu, basi isomwe kwa makini, na ikibidi mwana anayesoma shule aitwe asaidie.

Utapaka wapi? Kazi ifanywe uani au barazani, fundi avae glavu, na watoto wawe mbali. Kilichopakwa kisirudishwe chumbani siku ile ile. Kilale nje au katika chumba chenye madirisha wazi mpaka harufu iishe.

Moto uko wapi? Spiriti hutoa mvuke unaoshika moto hata katika ubaridi wa asubuhi, na mvuke huo hutambaa chini. Jiko la makaa, chetezo na sigara viwe mbali kabisa. Ikiwa fundi atumia mafuta ya kitani kulainisha mkono wake, matambara yake yatandazwe nje yakauke, yasikunjwe na kutupwa pembeni, kwa kuwa huweza kuwaka yenyewe.

Iliyobaki itawekwa wapi? Ibaki katika chupa yake ya asili, ifungiwe juu, mbali na jikoni. Ikitokea mtoto akanywa, asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe, hata kama anacheza na kucheka, kwani dalili za methanoli huweza kuchelewa saa 12 mpaka 24, na muda huo ndio wenye thamani kwa daktari.

Gharama ya spiriti njema huongeza kidogo bei ya kazi. Anayeona ni nyingi apunguze samani za kupaka mwaka huu, akatengeneze kitanda na kuliacha kabati mpaka mwakani. Kabati laweza kungoja. Jicho la mtoto likipotea halirudi.

Mola azitie baraka nyumba zetu, awalinde mafundi wetu katika rizki yao, na awahifadhi watoto wetu na kila lenye madhara. Allah ndiye Mjuzi zaidi.